Samaki mbichi wa Singida: namna ya kumchagua, kumwandaa na kumpika

MKOA wa Singida hauna bahari, na jodari anayesifiwa katika migahawa ya Dar es Salaam na Zanzibar akifika huko aghalabu huwa amekwisha kuwekwa ndani ya kopo. Hata hivyo, mji wa Singida ni miongoni mwa miji michache ya katikati ya nchi ambako mkazi anaweza kutembea kwa miguu hadi ziwani asubuhi na kurejea nyumbani na samaki ambaye bado anatikisa mkia.

Kumpata samaki huyo si kazi kubwa. Kazi huanza pale anapotoka majini. Katika jua la Kanda ya Kati, samaki aliyevuliwa alfajiri na kubebwa katika ndoo isiyo na barafu huweza kuanza kuharibika kabla ya adhuhuri. Familia inayomnunua katika hali hiyo hupoteza fedha ikimtupa, na huhatarisha afya ikimla.

Makala haya yanaeleza hatua kwa hatua namna ya kumtambua samaki aliye mbichi, kumhifadhi, kumsafisha na kumpika kwa njia zinazowezekana katika jiko la kawaida la mjini, liwe la mkaa, gesi au umeme.

Maziwa na samaki wake

Singida ina maziwa matatu yanayofahamika zaidi kwa uvuvi. Mawili kati ya hayo, Singidani na Kindai, yako kando kando ya mji wenyewe, yakizungukwa na miamba mikubwa ya mawe ambayo ni alama ya mji huo. La tatu ni Ziwa Kitangiri lililoko upande wa Iramba, ambalo hupokea maji ya bonde la Wembere na kuyatoa kupitia Mto Sibiti kuelekea Ziwa Eyasi.

Maji ya Singidani na Kindai yana chumvi, kwa kuwa maziwa hayo hayana mto wa kuyatoa maji nje. Maji huondoka kwa kufyonzwa na jua, na madini hubaki. Kwa sababu hiyo wako wanaodhani kuwa samaki wa maziwa hayo hana haja ya kutiwa chumvi jikoni. Dhana hiyo si sahihi. Mwili wa samaki huzuia chumvi ya nje isijae katika nyama, na ndiyo maana hata samaki wa baharini huhitaji chumvi anapopikwa.

Samaki wanaopatikana zaidi ni wa aina mbili: perege na kambare. Perege ana magamba, nyama nyeupe na mafuta kidogo. Gramu 100 za perege mbichi huwa na takriban gramu 20 za protini na mafuta yasiyozidi gramu 2. Kambare hana magamba, ana sharubu, ngozi yenye ute na nyama nzito yenye mafuta zaidi.

Mbali na hao, mji wa Singida uko kwenye njia panda ya barabara zinazotoka Dodoma, Arusha na Mwanza. Hivyo basi, sokoni huweza pia kuonekana sangara, sato na dagaa kutoka Ziwa Victoria. Samaki hao wamesafiri, na mnunuzi anapaswa kuwachunguza kwa makini zaidi kuliko wale waliotoka ziwani asubuhi ile ile.

Kumtambua samaki aliye mbichi

Mnunuzi hana haja ya kifaa chochote. Macho, pua na vidole vyake vinatosha, mradi avitumie vyote vitatu.

Kwanza ni macho ya samaki. Samaki mbichi ana macho maangavu, yaliyojaa na kutokeza kidogo. Macho yaliyozama na kufunikwa na ukungu mweupe ni dalili ya samaki aliyekaa muda mrefu.

Pili ni matamvua, ambayo wengine huyaita mashavu. Yafunuliwe. Yakiwa na rangi nyekundu iliyoiva, samaki ni mzima. Yakiwa ya kahawia au ya kijivu, na yana ute unaonata, asinunuliwe. Muuzaji asiyekubali matamvua ya samaki wake yafunuliwe amekwisha kutoa jibu.

Tatu ni nyama. Ibonyezwe kwa kidole karibu na uti wa mgongo. Nyama ya samaki mbichi hurudi mahali pake mara moja, ilhali ya samaki aliyeanza kuharibika hubaki na shimo. Tumbo lililolegea au kupasuka lenyewe ni dalili mbaya zaidi, kwa kuwa utumbo ndio unaoanza kuoza.

Nne ni harufu. Samaki mbichi hunuka maji na majani ya ziwa. Harufu kali inayochoma pua haiondoki kwa ndimu wala kwa kukaanga, hata pale inapofichwa na viungo.

Kwa upande wa kambare, njia iliyo salama zaidi ni kumnunua akiwa hai. Kambare ana kiungo cha ziada cha kupumulia hewa, na kwa sababu hiyo huweza kuishi saa nyingi ndani ya ndoo yenye maji kidogo. Anayeuzwa akiwa amekufa, hali kambare wengine kwenye ndoo hiyo hiyo wako hai, anapaswa kutiliwa shaka.

Saa za kwanza ndizo zinazoamua

Nyama ya samaki huharibika haraka kuliko ya ng'ombe au mbuzi kwa sababu ina maji mengi na nyuzi laini. Baada ya samaki kufa, vimeng'enya vya mwili wake huanza kuilainisha nyama, na bakteria waliokuwa kwenye ngozi, matamvua na utumbo huanza kuingia ndani. Kasi ya kazi hiyo hutegemea joto. Katika joto la kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, bakteria wengi wanaoharibu chakula huzaliana kwa haraka.

Dawa yake ni barafu. Kanuni inayotumika katika nchi za joto ni kilo moja ya barafu kwa kila kilo moja ya samaki. Barafu ivunjwe vipande vidogo, ipangwe chini, katikati na juu ya samaki, na maji yanayoyeyuka yaachwe yatoke ili samaki asielee ndani ya maji machafu.

Lipo jambo moja la kutia moyo. Bakteria wanaoishi kwenye samaki wa maji ya joto wamezoea joto, na baridi huwadhoofisha zaidi kuliko inavyowadhoofisha bakteria wa samaki wa nchi za baridi. Kwa mantiki hiyo, perege aliyewekwa barafuni mara tu baada ya kuvuliwa huweza kudumu siku nyingi akiwa bado anafaa kuliwa. Sharti ni kwamba barafu imwahi. Barafu inayoletwa saa sita baada ya samaki kufa haiwezi kurudisha ubichi uliokwisha kupotea.

Mahali ambapo barafu haipatikani, yako mambo matatu yanayoweza kufanywa. Samaki afunikwe kwa gunia au kitambaa safi kilicholoweshwa maji na kuwekwa kivulini penye upepo, kwa kuwa maji yanayokauka hupunguza joto. Utumbo na matamvua viondolewe mapema. Na samaki apikwe, akaangwe au akaushwe siku hiyo hiyo, bila kungoja kesho.

Anayenunua sokoni kwa ajili ya nyumba iliyo mbali afanye ununuzi wa samaki uwe wa mwisho, baada ya mchele, mboga na mafuta.

Kumsafisha perege

Kazi hii inahitaji kisu chenye makali, kibao, maji safi na chumvi. Kibao kinachotumika kwa samaki mbichi kisitumike kukatia kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni na maji ya moto.

Mapezi hukatwa kwanza, kwa kuwa miiba ya pezi la mgongoni huchoma vidole. Kisha magamba huparuliwa kuanzia mkiani kuelekea kichwani. Kumloweka samaki majini kabla ya kumparua, au kumparua ndani ya beseni la maji, huzuia magamba yasiruke jikoni.

Tumbo hupasuliwa kwa mstari mmoja kuanzia karibu na tundu la haja hadi chini ya kichwa. Kisu kisizame sana, maana nyongo iko karibu na ini, na ikipasuka huchafua nyama kwa uchungu usiokwisha upesi. Ikitokea bahati mbaya, sehemu iliyoguswa ioshwe mara moja kwa maji mengi na chumvi, au ikatwe na kutupwa.

Ndani ya tumbo la perege kuna utando mweusi uliobandika kwenye kuta. Wapishi wengi huuacha, ilhali ndio unaotia mchuzi uchungu hafifu na rangi ya kijivu. Usuguliwe kwa chumvi na kidole hadi utoke. Damu iliyoganda kando ya uti wa mgongo nayo ikwanguliwe, kisha samaki aoshwe kwa maji safi na kuchujwa.

Baada ya kuoshwa, samaki asiachwe ndani ya maji. Kumloweka kwa muda mrefu huondoa ladha na kuifanya nyama iwe tepetepe.

Kumsafisha kambare

Kambare anahitaji mkono wa uangalifu. Miiba miwili ya mapezi ya kifuani ni migumu na hukwaruza vibaya. Samaki ashikwe nyuma ya kichwa kwa kitambaa kikavu, kwa kuwa ute wake huteleza.

Ute huo ndio kikwazo kikubwa. Njia iliyozoeleka ni kumpaka chumvi nyingi au jivu safi la kuni, kumsugua kwa nguvu, kisha kumsuuza. Njia nyingine ni kummwagia maji ya moto yasiyochemka sana na kumkwangua kwa kisu. Zoezi hilo hurudiwa hadi ngozi isiteleze tena mkononi.

Kichwa cha kambare ni mfupa mtupu kwa sehemu kubwa, lakini hutoa supu nzuri. Mwili hukatwa vipande vya mviringo vyenye unene wa vidole viwili.

Ni vyema mwenyeji anayealika wageni akafahamu pia kuwa wapo wasiokula kambare kwa sababu za imani. Waumini wa Kanisa la Waadventista Wasabato, kwa mfano, hawali samaki wasio na magamba. Akiwapo perege mezani, hakuna mgeni atakayeaibika.

Kuondoa shombo na ladha ya tope

Samaki wa maziwa yenye kina kifupi huweza kuwa na ladha ya udongo. Ladha hiyo haitokani na uchafu, bali na kemikali zinazotengenezwa na vimelea vidogo na mimea ya majini, ambazo hujikusanya katika ngozi na mafuta ya samaki. Haina madhara, ila huwachukiza walaji.

Chachu ndiyo inayoipunguza. Samaki aliyekwisha kusafishwa apakwe chumvi na maji ya ndimu au limau, akae dakika 15 hadi 20, kisha asuuzwe kidogo na kukaushwa kwa kitambaa safi. Katika mikoa yenye ukame kama Singida, ukwaju na ubuyu hupatikana kwa urahisi, na maji yake hufanya kazi hiyo hiyo. Samaki asikae ndani ya chachu kwa saa nyingi, maana nyama hubadilika rangi na kuvunjika anapopikwa.

Tahadhari moja ni muhimu. Ndimu huifanya nyama ionekane nyeupe kana kwamba imeiva, lakini haiui vimelea vyote vya magonjwa. Samaki wa maji baridi asiliwe mbichi.

Perege wa kukaanga

Hili ndilo pishi linalopendwa zaidi mijini. Mahitaji ni perege wanne wa kiasi cha gramu 300 kila mmoja, vitunguu saumu vitano vilivyotwangwa, tangawizi kipande kidogo, maji ya ndimu mbili, chumvi, pilipili kwa anayependa, na mafuta ya kukaangia.

Samaki huchanjwa mara tatu kila upande hadi karibu na mfupa. Mchanganyiko wa viungo hupakwa ndani ya michanjo na tumboni, na samaki huachwa nusu saa mahali pa baridi. Kabla ya kukaangwa hukaushwa tena kwa kitambaa. Maji yanayobaki kwenye ngozi ndiyo yanayorusha mafuta na kumfanya samaki agande kwenye kikaango.

Singida inajulikana nchini kwa alizeti, na mafuta yake hukamuliwa katika mashine ndogo zilizotapakaa mkoani. Mpishi anapaswa kufahamu tofauti iliyopo kati ya mafuta yaliyokamuliwa tu na yale yaliyosafishwa kiwandani. Yaliyokamuliwa tu yana harufu nzuri ya mbegu, lakini hutoa moshi na povu mapema yakipata moto mkali. Yanafaa zaidi kwa mchuzi na kukaanga vitunguu. Kwa kukaanga samaki mzima katika mafuta mengi, yaliyosafishwa ndiyo yanayostahimili.

Mafuta yapashwe moto hadi kipande cha kitunguu kikitumbukizwa kitoe mapovu mara moja bila kuungua. Samaki awekwe kwa upole na asiguswe kwa dakika tano hivi, hadi kingo zake ziwe za rangi ya dhahabu. Anayemgeuza mapema humvunja. Upande wa pili nao upewe dakika kama hizo. Nyama iliyo karibu na uti wa mgongo ikiwa nyeupe na inaachana na mfupa, samaki ameiva.

Wasikaangwe wengi kwa wakati mmoja, kwa kuwa mafuta hupoa na samaki huyanywa. Mafuta yaliyogeuka meusi au yanayotoa povu jingi yamwagwe, hata kama bado ni mengi.

Chukuchuku kwa mgonjwa na mtoto

Kwa asiyetaka mafuta, samaki wa kuchemsha ni chakula chepesi chenye nguvu. Kosa linalofanywa na wengi ni kumtia samaki kwenye maji ya baridi pamoja na kila kitu na kuchemsha hadi avurugike.

Utaratibu mzuri ni kuanza na supu. Lita moja ya maji hutiwa kitunguu kimoja, nyanya mbili, kitunguu saumu, tangawizi na chumvi, kisha huchemka kwa dakika 10. Ndipo vipande vya samaki vinapopangwa ndani, moto unapunguzwa na sufuria kufunikwa. Dakika 10 hadi 12 zinatosha. Mwiko usitumike kukoroga. Sufuria itikiswe kwa kushika mikono yake. Maji ya ndimu hutiwa mwishoni, baada ya kuipua.

Kwa mtoto mdogo, nyama itenganishwe na miiba kwa vidole, si kwa macho pekee, kabla ya kuchanganywa na uji au ugali laini. Miiba ya perege ya mbavuni ni myembamba na hujificha.

Perege wa karanga

Pwani hutumia nazi. Kanda ya Kati, ambako minazi haioti lakini karanga zinastawi, mchuzi mzito hupatikana kwa karanga zilizosagwa.

Mahitaji ni perege watatu waliokatwa vipande, kikombe kimoja cha karanga zilizokaangwa kidogo na kusagwa, vitunguu viwili, nyanya tatu, mafuta ya alizeti vijiko viwili vikubwa na chumvi. Samaki hukaangwa kwanza hadi ngozi ishike, na kuwekwa kando. Vitunguu hukaangwa hadi vilainike, nyanya huongezwa hadi zivunjike. Karanga hukorogwa pembeni kwa maji ya uvuguvugu hadi ziwe kama uji mwepesi, kisha humiminwa kwenye sufuria.

Mchuzi huo uchemke kwa moto mdogo kwa dakika 15, ukikorogwa mara kwa mara maana karanga hushika chini upesi. Mafuta yakianza kuonekana juu, samaki warudishwe na kuachwa dakika nane hadi 10. Pishi hili huendana vyema na ugali wa uwele au mtama na mboga ya mlenda.

Karanga zichambuliwe moja moja. Zilizosinyaa, zenye ukungu au uchungu zitupwe, kwa kuwa huweza kuwa na sumukuvu, sumu ambayo haimalizwi na moto wa jikoni. Si jambo la kubahatisha. Mwaka 2016 watu kadhaa walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara, inayopakana na Singida, kutokana na sumukuvu iliyokuwa katika mahindi.

Samaki wa kubanika

Siri ya kubanika ni makaa, si ndimi za moto. Mkaa uachwe hadi uvae jivu jeupe. Wavu upakwe mafuta na kupata moto kabla ya samaki kuwekwa, la sivyo ngozi itabaki juu ya wavu.

Samaki aliyechanjwa na kupakwa viungo awekwe umbali wa kiganja kutoka kwenye makaa, ageuzwe mara moja au mbili tu, na kupakwa mafuta yenye kitunguu saumu na ndimu kila anapogeuzwa. Samaki wa gramu 400 huiva kwa dakika 20 hadi 25. Sehemu iliyoungua na kuwa nyeusi kama mkaa isiliwe.

Kambare wa mchuzi mzito

Nyama ya kambare huvumilia moto kuliko ya perege. Vipande hupakwa chumvi na ndimu, hukaangwa au kupitishwa kwenye moshi kwa muda ili vikaze, kisha hupikwa katika mchuzi wa vitunguu, nyanya nyingi, bizari na maji ya ukwaju kwa dakika 20. Ukwaju huyakata mafuta yake na kuondoa ladha ya tope. Wali au ugali vyote vinafaa.

Kama ni jodari

Msomaji wa mjini anayesafiri kwenda Pwani, au anayeishi huko, huenda akakutana na jodari mbichi. Baadhi ya kanuni za perege hazimfai.

Jodari ni samaki wa bahari kuu mwenye nyama nyekundu na nzito, na hukatwa minofu. Sehemu ya nyama nyeusi iliyo kando ya uti ina ladha kali na wengi huitenga. Kwa kuwa minofu yake haina mafuta mengi, hukauka haraka ikipikwa kupita kiasi. Kipande chenye unene wa vidole viwili hutosheka na dakika tatu hadi nne kila upande katika kikaango, au dakika nane katika mchuzi wa nazi ulioiva tayari.

Hatari yake kubwa iko katika joto. Jodari asiyewekwa barafuni mara tu baada ya kuvuliwa hutengeneza kemikali iitwayo histamini. Kemikali hiyo haionekani, na huweza kuwapo kabla harufu haijabadilika. Kuchemsha, kukaanga wala kugandisha hakuiondoi. Mlaji hupata wekundu usoni, kichwa kuuma, mwasho na moyo kwenda mbio, mara nyingi ndani ya saa moja au mbili. Ladha ya jodari ikichoma ulimi kama pilipili ilhali hakuna pilipili iliyotiwa, aachwe. Anayepata dalili hizo awahi kituo cha afya.

Perege hana tabia hiyo kwa kiwango cha jodari, lakini akioza huleta maradhi mengine ya tumbo. Moto hauwezi kumfanya samaki aliyeoza kuwa mzima.

Akibaki, akaushwe

Samaki wanapokuwa wengi kuliko walaji, kukausha ndiyo njia ya zamani na bado inafaa. Samaki hupasuliwa, hupakwa chumvi na kuanikwa juu ya kichanja kilichoinuliwa kutoka ardhini, si juu ya mchanga au mawe. Kufunika kwa chandarua huzuia inzi wasitage mayai.

Kwa moshi, kuni ngumu na kavu ndizo zinazofaa. Mbao zilizopakwa rangi, mipira na plastiki visitumike kamwe kama nishati, kwa kuwa moshi wake ni sumu. Samaki aliyekauka ahifadhiwe mahali pakavu penye hewa. Dawa za kuulia wadudu wa nafaka au wa shambani zisinyunyiziwe samaki, jambo ambalo wataalamu wa afya wamekuwa wakilionya.

Samaki aliyepikwa naye asikae mezani zaidi ya saa mbili. Awekwe kwenye jokofu, na anapotolewa apashwe moto hadi achemke, mara moja tu.

Ziwa linaanza na mlaji

Njia zote hizo hazitakuwa na maana endapo maziwa hayatakuwa na samaki. Maziwa ya Singida hutegemea mvua ya msimu mmoja kwa mwaka, inayoanza karibu na Novemba au Desemba na kumalizika Aprili. Katika miaka ya ukame maji hupungua, samaki hubanana, na nyavu zenye matundu madogo huweza kuwamaliza kwa muda mfupi.

Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 inakataza uvuvi wa sumu na milipuko. Samaki aliyevuliwa kwa sumu ni hatari kwa mlaji na kwa wote wanaotumia maji hayo. Wingi wa samaki waliokufa wasio na alama ya wavu wala ndoana unapaswa kumtia mnunuzi shaka.

Mnunuzi ana nafasi yake pia katika suala la samaki wachanga. Perege jike hutotoa mayai yake mdomoni na huendelea kuvilinda humo vifaranga vyake hadi viweze kujitegemea. Anayevuliwa wakati huo huondoka na kizazi kizima, na anayevuliwa kabla ya kukua huondoka kabla hajaacha kizazi chochote. Vidagaa vya perege vinavyopangwa kwa mafungu ya bei rahisi ndio perege wakubwa waliopaswa kuwapo sokoni mwaka ujao.